Mlalahoi naye anaogelea Mediterania!

Msomaji wangu, hebu nikuulize kabla hatujafika mbali: safari unajipangia wewe au unawapangia majirani? Usicheke. Jibu la swali hilo mimi limenigharimu karibu laki nne.

Mwaka 2024 mimi na shoga yangu tulipokea upatu wetu, tukaamua Agosti tukapunge upepo Barcelona. Kwa nini Barcelona? Raha ya kulitamka tu, jamani! Ukisema "naenda Barcelona" pale saluni, hata anayesukwa anageuza shingo. Mtaa mzima ukajua. Wengine wakaanza kutuagiza viatu.

Kilichofuata hakichekeshi. Juni mwaka huo ada ya viza ya Schengen ilikuwa imepanda kutoka yuro 80 hadi 90, na ukinyimwa hairudi. Ongeza bima ya matibabu, picha, taarifa za benki na nauli za kwenda na kurudi mjini. Mwisho wa yote ubalozi mmoja ukatujibu kwa karatasi moja tu: hapana. Shoga yangu, ambaye angeweza kufungulia kibanda cha chipsi kwa hela ile, akaninunia miezi mitatu. Wazo lilikuwa langu, si unajua tena. Na mtaani? "Wa Barcelona, mmerudi lini?" Nikawa napita njia ya uani.

Tulipopatana tulikaa chini na daftari, kwa sharti moja: mji tuuchague kwa mfuko, mdomo ufuate baadaye. Kufungua ramani, tukakumbuka kitu tulichofundishwa shuleni tukakisahau. Bahari ya Mediterania ina pwani mbili, na ile ya kusini ni Afrika! Agosti 2025 tukatua Alexandria, Misri. Sasa shika kalamu nikupe mpango.

Kwanza viza, ndipo tiketi. Usilipe nauli kabla pasipoti haijagongwa. Nauli ya ndege ndiyo mlima wenyewe, sisi ilikula zaidi ya nusu ya bajeti, kwa hiyo anza kuitafuta miezi mitatu kabla. Shukia Cairo, kisha nenda stesheni ya Ramses upande treni. Ni mwendo wa kama saa tatu hivi. Ila usikurupuke kama sisi: treni inasimama Sidi Gaber kwanza, watu wanashuka kwa wingi, nawe ukadhani umefika. Kama unalala katikati ya mji, tulia mpaka kituo cha mwisho.

Pili, chagua siku. Majira hayo Cairo inachemka, joto linapita nyuzi 35, wakati Alexandria kwa upepo wa bahari ni kama 30. Basi wenye Cairo yao nao wanahamia huko. Wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, ufukweni hakuna pa kutia mguu. Sisi tuliingia Jumapili, tukaondoka Alhamisi. Kwa chumba, tafuta vile vihoteli vya kwenye maghorofa ya zamani maeneo ya Raml, hatua chache kutoka baharini. Chumba kinachotazama bahari wanakiringia, sisi tulichukua cha upande wa nyuma. Kwani usingizi unaangalia dirishani?

Tatu, mshiko. Machi 2024 Misri iliiachia paundi yake ipangwe na soko. Dola moja ikaruka kutoka paundi kama 31 hadi karibu 50. Mwenye dola anaona nafuu, lakini mwenyeji analia, maana mshahara wake haukuruka hivyo. Kwa hiyo pigania bei ya dereva wa teksi ukitaka, ila mama anayeuza mkate muache apumue. Badilisha hela kidogo kidogo, na uwe na kadi ya benki, maana sehemu nyingi za kale siku hizi hazipokei taslimu.

Tumbo halitakusumbua. Asubuhi ni ful, maharage yaliyochemshwa mpaka yakalainika, unachota kwa mkate. Kuna bajia zao za maharage, kuna koshari, yaani wali, dengu na makaroni sahani moja, juu vitunguu vya kukaanga. Ila kiboko ni maini ya Kialexandria, yenye kitunguu saumu na pilipili ndani ya mkate. Ukimaliza sema "hisab". Ni hesabu ileile ya kwetu! Samaki nao ni "samak", sukari ni "sukkar". Hatukufa njaa kwa kukosa lugha.

Sterehe nyingine ni za bure. Ile barabara ya ufukweni, Corniche, ni ndefu mpaka miguu iombe radhi, na jioni mji mzima unatembea hapo. Mwisho wake upande mmoja kuna ngome ya Qaitbay, iliyojengwa karne ya 15 mahali pa mnara wa Pharos, mojawapo ya maajabu saba ya kale. Maktaba mpya iliyofunguliwa 2002, hata ukiitazama kwa nje unaenzi jicho. Kuogelea napo kuna fukwe za kulipia na za bure. Akina dada, kwenye fukwe za umma wenyeji wanaingia majini na nguo zao. Chukua dera jepesi, hakuna atakayekushangaa.

Jioni ya mwisho tulikaa ukutani karibu na Qaitbay, mkate wa maini mkononi. Shoga yangu akatoa daftari, akajumlisha, akarudia tena. Halafu akanitazama: "Imebaki." Akalifunga, akaegemeza kichwa begani kwangu. Msomaji, hapo ndipo niliposamehewa Barcelona.

Safari hii hatukumuaga mtu. Tuliporudi, jirani mmoja akauliza saluni, "Alexandria ndiyo wapi tena?" Mwaka 2024 ningeona aibu. Nikamvutia kiti: "Kaa hapa, dada. Una daftari?"

Tukutane wiki ijayo.