Utoe pesa mara ngapi kwa wiki? Hesabu ya mama karanga wa Bodo

Ushawahi kusimama kwa ajenti ukajiuliza: nitoe za leo tu, au nitoe za wiki nzima nimalize? Wengi wetu tunaamua kwa mazoea. Leo tunakuonyesha namna ya kuamua kwa hesabu, kwa kalamu na karatasi tu.

Njia hii ina jina kubwa: utafiti wa operesheni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanasayansi wa Uingereza waliitumia kupanga misafara ya meli. Mwaka wa 1952, mwanauchumi Mmarekani William Baumol akaipeleka kwenye swali letu hasa: mtu akae na keshi kiasi gani? Jibu lake ni kwamba kuna gharama mbili zinazovutana. Ukitoa kidogo kidogo, ada na safari zinapanda. Ukitoa nyingi kwa mpigo, pesa zinakaa bure na zinakugharimu. Kwa Baumol gharama hiyo ya pili ilikuwa riba. Kwetu ni wizi, na ile "niazime mia mbili" isiyorudi.

Sasa twende Bodo, kijiji cha wavuvi huko Kwale ambako watu hupanda mashua kwenda Funzi. Tuchukue mfano wa mama karanga anayenunua samaki ufuoni, kukaanga na kuuza. Wateja wake wanamlipa kwa simu, lakini mvuvi anataka keshi: sh1,200 kila asubuhi, siku 6, jumla sh7,200.

Hatua ya 1: Andika njia zote, kisha ada zake

Tuseme ada ya kutoa hadi sh2,500 ni sh29, kutoa sh3,600 ni sh69, na kutoa sh7,200 ni sh87. (Ada hubadilika, kwa hivyo angalia za sasa kwenye menyu yako.)

- Kila siku: mara 6 × sh29 = sh174
- Kila siku 2: mara 3 × sh29 = sh87
- Kila siku 3: mara 2 × sh69 = sh138
- Mara 1 kwa wiki: sh87

Umeona? Kutoa mara 2 ni ghali kuliko kutoa mara 3, maana sh3,600 inaangukia ada ya juu. Mazoea hayawezi kukuambia hivyo.

Hatua ya 2: Ongeza gharama iliyojificha

Njia mbili zimefungana kwa sh87. Hapo sasa tunauliza: pesa zinalala nyumbani usiku ngapi? Tuseme kila sh1,000 inayolala usiku mmoja huvuja sh10. Wewe weka makadirio yako, na usijidanganye.

- Kila siku: hakuna kinacholala. Jumla inabaki sh174
- Kila siku 2: sh1,200 hulala usiku mmoja, mara 3. Huvuja sh36, jumla sh123
- Kila siku 3: huvuja sh72, jumla sh210
- Mara 1 kwa wiki: sh6,000 usiku wa kwanza, sh4,800 wa pili, hadi ziishe. Huvuja sh180, jumla sh267

Kutoa kila siku 2 kumeshinda.

Hatua ya 3: Badilisha namba moja uone

Na kama mama huyu anaishi mbali na ajenti, nauli ya kwenda na kurudi sh100? Kila siku 2 inakuwa sh423, na mara 1 kwa wiki inakuwa sh367. Jibu limegeuka! Ndiyo maana ushauri wa jirani, hata uwe mzuri vipi, unaweza kukupoteza: hesabu yake si yako.

Hatua ya 4: Angalia mipaka

Je, salio lako linatosha kutoa kiasi hicho? Ajenti wako huwa na keshi hiyo asubuhi? Kama huishiwa, mpigie kabla hujatoka. Je, mvuvi anaweza kukubali malipo kwa simu? Hiyo ni njia ya tano, nayo ipigie hesabu, pamoja na ada atakayokatwa yeye akitoa. Njia moja tu usiiweke kwenye orodha: kumpa mtu simu na PIN yako akutolee ili uokoe safari.

Turudi kwa mama karanga anayeishi karibu na ajenti. Kati ya kutoa mara 1 kwa wiki na kutoa kila siku 2 kuna tofauti ya sh144. Inaonekana ndogo, si ndiyo? Kwa wiki 52 ni sh7,488. Huo ni mtaji wake wa samaki wa wiki nzima, na chenji inabaki.

Jioni ya leo chukua karatasi, andika njia zako nne, kisha piga hesabu kabla hujaenda kwa ajenti.