Mitindo ya mavazi: wembamba unaouzwa Paris unafika mpaka kwenye simu za mabinti wetu

Tangu mwezi wa tano 2017, mwanamitindo anayetaka kufanya kazi Ufaransa anapaswa kuonyesha cheti cha daktari. Cheti hicho kinathibitisha kwamba afya yake inamruhusu kufanya kazi hiyo, na daktari anaombwa kuangalia hasa uzito wake ukilinganishwa na urefu. Hakizidi miaka miwili. Anayeajiri mwanamitindo bila cheti anaweza kulipa faini ya euro 75,000 na kufungwa miezi sita.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, sheria hiyo inaweza kuonekana kama jambo la ajabu. Mamilioni ya Wakongomani hawapati chakula cha kutosha, na huko Ulaya bunge linapiga kura ili wasichana wenye pesa wakubali kula. Lakini sheria hiyo ilitoka kwenye vifo vya watu, na biashara iliyosababisha vifo hivyo imekwisha kufika kwetu.

Wasichana waliokufa

Mwezi wa nane 2006, mjini Montevideo, Luisel Ramos wa Uruguay, mwenye miaka 22, alianguka wakati wa maonyesho ya mavazi. Moyo wake ulisimama. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo, Ana Carolina Reston wa Brazil alikufa akiwa na miaka 21. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 1.70, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 40. Mwezi wa pili 2007, Eliana, mdogo wake Luisel, naye mwanamitindo, alifariki akiwa na miaka 18.

Kati ya vifo hivyo, mji wa Madrid, huko Hispania, ulichukua hatua. Mwezi wa tisa 2006, maonyesho yake yalikataa wanamitindo ambao kipimo chao cha uzito na urefu kilikuwa chini ya 18. Kipimo hicho ni rahisi: unachukua kilo, unazigawanya kwa urefu uliozidishwa kwa urefu. Msichana wa mita 1.75 anapaswa kuwa na kilo 55 hivi ili afikie 18. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu mzima aliye chini ya 18.5 ana uzito mdogo kupita kiasi. Ana Carolina Reston alikuwa chini ya 14.

Mwaka 2007, wakati wa maonyesho ya Milano, Italia iliona mabango makubwa yenye picha ya Isabelle Caro, msichana Mfaransa aliyekuwa amebaki mifupa mitupu. Mpiga picha Oliviero Toscani alimpiga akiwa uchi ili watu waone ugonjwa wa anoreksia unavyomfanya mtu. Isabelle alikufa mwaka 2010, akiwa na miaka 28.

Anoreksia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aogope kunona hata akiwa amekonda sana. Damu ya mwezi inakatika, mifupa inakuwa dhaifu, chumvi za mwilini zinapungua mpaka moyo unapoteza mapigo yake. Ni kati ya magonjwa ya akili yanayoua watu wengi zaidi.

Nguo moja, mwili mmoja

Kwa nini wenye mitindo wanataka wembamba? Sababu moja iko kwenye kazi yenyewe. Kabla ya maonyesho, nyumba ya mavazi inashona nguo za mfano, kila nguo moja tu, kwa kipimo kidogo. Nguo hiyohiyo inavaliwa kwenye maonyesho, kisha inatumwa kwa magazeti ipigwe picha. Msichana asiyeingia ndani yake anakosa kazi, na mwingine yuko mlangoni anangoja.

Mama wa huku anayepeleka kikwembe kwa fundi anajua utaratibu ulio kinyume kabisa. Fundi anachukua kamba ya vipimo, anapima kifua, kiuno na makalio, kisha anakata kitambaa. Nguo inafuata mwili. Huko Paris na Milano, mwili ndio unaopaswa kufuata nguo.

Wanaoumia zaidi ni vijana wasio na nguvu ya kukataa. Wengi wanaanza kazi kabla ya miaka 18, mbali na wazazi, wakiwa na deni la tiketi ya ndege na nyumba kwa shirika lililowaleta. Mwezi wa kumi 2023, gazeti la Uingereza Sunday Times lilitoa uchunguzi juu ya vijana waliochukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, wakapelekwa Ulaya kuwa wanamitindo. Baadhi walirudishwa kambini wakiwa na madeni ya maelfu ya euro. Kakuma inaishi pia wakimbizi Wakongomani.

Sheria zimeleta mabadiliko kiasi. Israeli ilipitisha ya kwake mwaka 2012. Kule Ufaransa, tangu mwezi wa kumi 2017, tangazo la biashara lenye picha ya mwanamitindo iliyobadilishwa ili aonekane mwembamba ao mnene linapaswa kuandikwa kwamba picha imerekebishwa. Mwaka huohuo, makampuni makubwa LVMH na Kering yaliahidi kutowatumia tena wanamitindo wa vipimo vidogo kabisa. Hata hivyo, hesabu za gazeti Vogue Business zinaonyesha kwamba katika maonyesho makubwa ya mwaka 2024, karibu 95 kwa mia ya nguo zilivaliwa na wanamitindo wembamba. Na mwaka 2025, wasimamizi wa matangazo Uingereza walikataza picha za Zara na za Marks & Spencer kwa sababu wasichana walionekana wamekonda kupita kiasi.

Somo la Fiji

Wengine watasema: sisi hatuhusiki, huku mwanamke anayesifiwa ni yule aliyenona. Watu wa Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, walisema vilevile. Kwao mwili mkubwa ulikuwa alama ya afya na ya familia inayojua kulisha watu wake.

Mwaka 1995, televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga. Mtafiti Mmarekani Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule maswali mwaka huo, kisha akarudi mwaka 1998. Mara ya kwanza, hakuna hata mmoja aliyesema kwamba anajitapisha ili apunguze uzito. Miaka mitatu baadaye, walikuwa 11 kwa mia.

Hiyo ilikuwa televisheni, inayotazamwa na familia nzima sebuleni. Simu inalala na msichana kitandani. Mwaka 2021, hati za ndani za kampuni ya Facebook zilizotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, zilionyesha kwamba 32 kwa mia ya wasichana waliokuwa tayari wanaona vibaya miili yao walisema Instagram iliwafanya wajisikie vibaya zaidi.

Kati ya mizani mbili

Mkongomani wa leo anapimwa kwa mizani mbili. Mtaani, "umenona" ni sifa. "Umekonda" inaleta maswali: uko mgonjwa? Ndoa haiendi? Kwenye jirani yetu Uganda, UKIMWI ulipoanza katika miaka ya 1980 ulipewa jina "slim", na aibu hiyo haijaisha. Lakini kwenye simu, anayesifiwa ni mwenye kiuno chembamba na tumbo lisiloonekana.

Wafanyabiashara wanakula pande zote mbili. Kwa anayetaka kunona wanauza vidonge vya deksametasoni na siproheptadini, dawa ambazo zilitengenezwa kwa kazi nyingine. Ya kwanza inajaza uso maji, inapandisha tension na sukari. Ya pili inaleta njaa na usingizi. Kwa anayetaka kukonda, zipo chai za kuharisha na sindano za semaglutidi, dawa ya kisukari. Mwezi wa sita 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba za bandia zinazunguka duniani.

Mzazi ao mwalimu anaweza kuona alama mapema: binti anayekataa kula na wengine, anayeingia chooni kila baada ya chakula, anayevaa nguo nyingi wakati wa joto, anayekatika damu ya mwezi bila mimba. Kumgombeza ao kumlazimisha bugali hakusaidii. Apelekwe kituo cha afya, apimwe, asikilizwe bila kuchekwa. Na anayemeza deksametasoni kwa muda mrefu asiiache ghafla: mwili unaweza kuanguka. Aende kwa daktari, aseme ukweli juu ya vidonge alivyonunua, apunguziwe polepole.