Kigango Hakihami

Katika mji wa Mgiriama, kitu cha thamani kuliko vyote hakifungiwi ndani. Mbuzi hulala zizini, mahindi huwekwa uchagani juu ya moshi wa jiko, pesa mama hujua mwenyewe alikozificha. Kigango, ubao wa kumkumbuka marehemu, husimama nje, mvuani na juani, bila mlinzi.

Si kila marehemu huchongewa kigango. Hicho ni haki ya wazee wa Gohu, chama cha watu wenye mali na heshima ambao kuingia kwao kuligharimu karamu na ada. Mzee wa Gohu akifa, huzikwa kama wengine na mambo hutulia, pengine kwa miaka. Kisha koma, yaani roho ya marehemu, humjia mwanawe ndotoni akidai makao. Asiposikilizwa, mtoto huugua au shamba hukataa kuzaa, na mganga akipiga ramli husema wazi nani ana kinyongo. Hapo hutafutwa fundi na mti mgumu usioliwa na mchwa. Fundi huchonga ubao mwembamba, mara nyingi mrefu kuliko mtu, wenye kichwa cha duara na kiwiliwili kilichojaa nakshi za pembetatu. Mbuzi huchinjwa, tembo la mnazi humwagwa chini, vitambaa hufungwa shingoni, na mzee huwa amerudi nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna ruhusa ya kumng'oa. Kilichomlinda ni woga wa kumgusa, na woga huo ulitosha kwa vizazi vingi.

Amri hiyo ya kutong'oa ni nzito kwa watu waliohama kama Wagiriama. Marereni, kwa mfano, iko kaskazini ya mto Sabaki, ambao waliuvuka kutafuta mashamba katika karne ya 19. Mwaka 1914, baada ya mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, kuwaapisha watu wakatae kodi na kazi za Mzungu, Waingereza waliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, na kuwafukuza waliokuwa kaskazini ya mto. Baadaye watu walirudi. Siku hizi mashamba ya chumvi yametanda kuanzia Gongoni, na malalamiko ya wenyeji waliosema wamepokonywa ardhi yalifikishwa mbele ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyofanya uchunguzi wa hadhara mwaka 2005. Basi watu huhama, kwa hiari au kwa nguvu, na kigango hubaki penye mahame. Wajukuu wanajua babu yuko chini ya mkwaju upi, na jambo likiwafika huenda kumwagia tembo.

Ndiyo maana nakasirishwa na neno la wafanyabiashara wa vinyago waliodai kwamba vigango walivyonunua vilikuwa vimetupwa. Havikutupwa. Viliachwa kama mila ilivyoagiza, na upweke huo wa porini ndio uliowapa wezi nafasi. Watalii walipozidi pwani yetu, maduka ya vinyago yakaanza kuviulizia, na vijana wenye njaa, pengine wajukuu wa marehemu wenyewe, wakavibeba usiku. Vikaishia sebuleni kwa matajiri wa Marekani, kisha katika makumbusho.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango vya ndugu zake wawili. Muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, Udvardy alikiona kimoja kwenye slaidi za mwenzake Linda Giles: kilikuwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha Illinois. Cha pili kilikuwa katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kimoja kilifika kwa jamaa za Kalume huko Chalani, karibu na Kaloleni, mwaka 2007. Mzee Kalume alikuwa keshafariki.

Vingine vimerudi bila kujulikana kwao. Makumbusho ya Denver yalikubali mwaka 2014 kurudisha 30, navyo vikatua Kenya mwaka 2019. Makumbusho ya jimbo la Illinois yakarudisha 37 mwaka 2023. Nashukuru, lakini koma asiyejulikana mji wake atamwagiwa tembo na nani? Kwa maoni yangu visiwekwe tena ndani ya kioo. Wazee wa kambi, yaani baraza la wazee, wapewe mahali pa wazi penye miti, vigango visimamishwe humo na viachwe vioze kwa wakati wake, kwa kuwa kuoza ni sehemu ya safari yao.

Kwa vilivyobaki vichakani kuanzia Marereni hadi Kaloleni, ushauri wangu ni mmoja. Picha ya mwaka 1985 ndiyo iliyothibitisha mwenye mali. Leo simu ziko mifukoni mwa wajukuu. Kila familia iombe idhini ya wazee wake, ipige picha kigango chake, iandike jina la marehemu na la kijiji, na nakala ikabidhiwe Makumbusho ya Taifa mjini Malindi.