Aliyemdunga Ng'ombe Wako Sindano Ni Nani?

Leo nataka tuzungumze juu ya daktari wa mifugo. Najua kuna atakayesema, "Sista, wewe ni wa watoto na chanjo, ng'ombe wanakuhusu nini?" Subiri kidogo.

Siku moja kliniki nilimwuliza mama mmoja mtoto wake wa mwaka mmoja anakula nini. Akasema uji wa maziwa, asubuhi na jioni, maziwa ya nyumbani. Nikamwuliza kama ng'ombe ni mzima. Akasema alikuwa amevimba kiwele, lakini kijana mmoja alikuja na pikipiki akamdunga sindano, sasa anaendelea vizuri. Alimdunga dawa gani? Hajui. Je, alisema maziwa yasinywewe kwa siku ngapi? Hakusema lolote. Huyo kijana ni nani? "Huwa anapita tu."

Mama, dawa anayodungwa ng'ombe haibaki kwenye nyama ya paja pale sindano ilipoingia. Inapita kwenye damu, na sehemu yake inatoka na maziwa. Ndiyo maana kila chupa ya dawa ya mifugo ina maandishi yanayosema maziwa yasitumiwe kwa siku ngapi na ng'ombe asichinjwe kwa siku ngapi. Siku hizo hazilingani. Dawa moja ni siku chache, nyingine ni wiki na zaidi, na ziko ambazo hazifai kabisa kwa ng'ombe anayekamuliwa. Kuchemsha maziwa ni lazima kila siku, kwa sababu moto unaua vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu. Lakini kuchemsha hakuondoi dawa. Mtoto anayekunywa mabaki ya penisilini anaweza kutokwa na vipele na kuvimba ikiwa mwili wake haipatani nayo. Na vijidudu vinavyoonjeshwa dawa kidogo kidogo hujifunza kuishi nayo. Siku mtoto akipata homa ya mapafu, dawa ninayompa mimi inaweza kukosa nguvu.

Kwa hiyo mtu anayemtibu ng'ombe wako anagusa kikombe cha mtoto wako. Inafaa umjue.

Daktari kamili wa mifugo amesoma chuo kikuu miaka mitano, wengi wao pale Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wako pia wataalamu wasaidizi wenye cheti au diploma, kama wanaotoka katika vyuo vya AHITI vya Kabete, Ndomba na Nyahururu. Hawa ndio tunaokutana nao zaidi huku vijijini, na wengi wanafanya kazi nzuri sana. Wote wako chini ya sheria moja ya mwaka 2011, na wanaandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mtu ambaye hakuandikishwa akitibu mifugo kama kazi, anavunja sheria.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kusoma kwake hakuishii siku ya mahafali. Leseni yake inatolewa upya kila mwaka, na Bodi inataka aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza. Anahudhuria semina na makongamano, kama yale ya Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Kenya, na anapata alama. Sisi wauguzi tunabanwa vivyo hivyo, kwa hiyo mkiona sista hayupo siku moja kwa sababu ya semina, msikasirike sana. Pia ana vitabu vya kurejea. Kiko kimoja kinene, MSD Veterinary Manual, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1955, na sasa kinasomwa bure kwenye intaneti hata kwa simu. Ukimwona daktari amesimama kando ya boma anasoma simu kabla ya kujaza sindano, usimdharau. Mimi mwenyewe humwogopa zaidi yule asiyetazama popote. Na tangu mwaka 2004 iko programu hapa Kenya inayowafundisha madaktari wa watu na wa mifugo pamoja jinsi ya kufuatilia milipuko ya magonjwa.

Faida ya haya yote tumeiona hapa hapa nyumbani. Wazee wa Bonde la Lambwe, huko karibu na Mbuga ya Ruma, wanakumbuka ugonjwa wa malale. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulilipuka na watu wakaugua. Ugonjwa huo unaletwa na mbung'o, na aina yake ya huku kwetu hujificha ndani ya wanyama. Ng'ombe anaweza kuwa na vijidudu hivyo naye anakula majani kama kawaida. Huwezi kuumaliza kwa kutibu watu peke yao. Ilibidi mbung'o wapigwe dawa na kuwekewa mitego ya vitambaa, damu za ng'ombe zipimwe kwa hadubini, na ng'ombe watibiwe. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa hapa nchini alipatikana mwaka 2009, na mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya.

Lakini mbung'o bado wapo, na ng'ombe bado wanaugua nagana. Dawa zake ni chache. Anayepita tu na pikipiki akikadiria uzito wa ng'ombe kwa macho, akachanganya dawa na maji mengi ili chupa moja ifike boma kumi, anawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Aliyesoma anapima kifua cha ng'ombe kwa utepe ajue uzito, na akiweza anachukua damu kwanza.

Sasa tuje kwa mbwa, maana hapa ndipo mimi na daktari wa mifugo tunahitajiana zaidi.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Hakuna dawa ya kumrudisha. Lakini kabla ya dalili, kuna nafasi ya kumwokoa, na nafasi hiyo inaanzia kwako nyumbani. Mtoto akiumwa na mbwa, hata akikwaruzwa tu damu ikatoka, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani. Mtoto atalia, nawe endelea. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala udongo, na kidonda kisifungwe kwa nguvu. Halafu mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Piga simu kwanza uulize chanjo iko hospitali gani, usije ukapoteza nauli ya bodaboda mara mbili. Utaratibu uliozoeleka ni sindano ya bega au paja siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Zile sindano nyingi za tumboni walizosimulia nyanya zetu zilikwisha zamani. Nataja hili kwa sababu bado nakutana na wamama wanaomficha mtoto kwa hofu ya sindano za tumbo. Kidonda kikiwa kirefu, au kiko usoni au mkononi, kuna dawa nyingine inayodungwa kwenye kidonda chenyewe. Na ukianza, maliza. Kidonda kupona si ishara ya usalama, kwa maana ugonjwa unaweza kukaa kimya miezi miwili au mitatu.

Huku sisi tunaanza chanjo, daktari wa mifugo anamtafuta mbwa. Kwa hiyo tafadhali msimwue haraka. Mbwa akiweza kufungwa pasipo kumhatarisha mtu, anaangaliwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, daktari anatuarifu, nasi tunaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akifa, usimzike na usimguse kwa mikono mitupu. Daktari atachukua sampuli kwenye kichwa ipelekwe maabara. Ni kazi ya hatari na ina utaratibu wake, na yule kijana wa kupita haijui.

Serikali ilizindua mwaka 2014 mpango wa kumaliza kichaa cha mbwa kwa watu ifikapo 2030, na kati ya kaunti za kwanza zilikuwamo jirani zetu Kisumu na Siaya. Msingi wake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka. Mbwa ndio wanaoambukiza watu ugonjwa huu karibu mara zote.

Basi, mtu akija kumtibu mnyama wako, mwombe akuonyeshe leseni ya mwaka huu. Mwenye nayo hakasiriki. Ukiwa na shaka, uliza ofisi ya mifugo ya wadi yenu, kwa sababu huduma hizi ziko chini ya kaunti tangu 2013. Mwambie aandike kwenye karatasi jina la dawa, tarehe, na siku ambazo maziwa hayafai. Usipojua kusoma, mpe mtoto wa shule akusomee. Weka karatasi hiyo ndani ya kijitabu cha kliniki cha mtoto, ukija nami niione. Siku hizo za kusubiri, ng'ombe akamuliwe na maziwa yamwagwe. Najua yanauma, hasa kama karo inategemea maziwa hayo. Mtoto apikiwe uji wa njugu au omena iliyosagwa mpaka siku ziishe.

Mama mmoja wa Ndhiwa aliuliza, "Mbwa wangu amezaa, watoto wake wana mwezi mmoja. Niliambiwa wasichanjwe mpaka wafikishe miezi mitatu. Ni kweli?" Zamani ndivyo tulivyosema, na nami nilisema hivyo. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba wakati wa kampeni mbwa wote wachanjwe, hata walio wadogo, kwa sababu hao ndio watoto wetu wanaocheza nao. Kwa hiyo siku ya kampeni, wabebe kwenye kikapu uende nao wote.