Programu ya Treni kwa Mtoto Mwenye Usonji

Zamani, kabla ya kujengwa kwa reli, misafara ya wapagazi ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji karibu na Ziwa Tanganyika. Misafara hiyo haikwenda ovyo. Mbele alitangulia kirangozi, na wapagazi wakamfuata kutoka kambi moja hadi nyingine. Kompyuta nayo hufuata maagizo namna hiyo. Haijichagulii njia, hufanya lile tu ililoamriwa, kwa utaratibu iliopewa. Mfululizo wa amri hizo huitwa programu. Katika somo hili tutatunga programu ndogo ya nyumbani kwa ajili ya mtoto mwenye usonji.

Usonji ni hali ya ubongo kukua kwa namna iliyo tofauti na ya watu wengi. Hauambukizwi, wala hauletwi na laana au malezi mabaya, kama wadhanivyo baadhi ya watu. Watoto wenye usonji hawafanani: mmoja huzungumza sana, mwingine hasemi hata neno. Wengi hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule kila siku, na hutaabika yanapobadilika ghafla. Wengine huumizwa na sauti ambazo sisi hatuzijali.

Mwaka 1976, huko Edinburgh katika nchi ya Uskoti, Sylvia Weir na Ricky Emanuel walieleza habari za mvulana wa miaka saba mwenye usonji. Mvulana huyo alipewa chombo kidogo cha magurudumu kilichoitwa kobe, ambacho kiliongozwa kwa kompyuta. Alipobonyeza vitufe, kobe alikwenda au aligeuka. Kobe hakumharakisha mtoto wala hakumkasirikia, na amri ile ile ilileta jambo lile lile kila mara. Kwa maelezo yao, mtoto huyo, ambaye mazungumzo yalimwia magumu, alianza kuwasemesha watu waliokuwa pamoja naye. Huyo alikuwa mtoto mmoja tu. Hatuwezi kusema kwamba kila mtoto atafanya vivyo hivyo, na programu si dawa.

Sasa tuseme kwamba huko Kipalapala, karibu na mji wa Tabora, yupo msichana wa darasa la tano mwenye mdogo wake wa kiume aliye na usonji. Mdogo huyo hasemi sana, lakini anapenda treni kuliko kitu chochote, na anavitambua vituo vya reli kwa mpangilio wake. Hapo ndipo pa kuanzia. Kama angependa kuku, tungetunga programu ya kuku.

Kaka yao ana kompyuta iliyowekewa Scratch, yaani chombo cha kutungia programu kilichotolewa Marekani mwaka 2007. Hupatikana bure, na kikishawekwa ndani ya kompyuta hakihitaji intaneti. Amri zake ni vipande vya rangi vinavyounganishwa kimoja chini ya kingine.

Uwanja wa Scratch una namba. Katikati ni 0. Kulia namba hufika 240. Kushoto hufika 240 pia, lakini huwekewa alama ya kutoa mbele yake. Dada alichora treni, kisha akaandika orodha ya vituo vinane: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Kaliua na Kigoma. Kwa kweli vituo vya reli ya kati ni vingi zaidi, na umbali kati yake haulingani, ila sisi tutatumia hatua sawa za 60. Kwa kuwa mashariki ya ramani iko kulia, Dar es Salaam iliwekwa kwenye 210.

Amri za kwanza zilikuwa hizi: bendera ya kijani ikibonyezwa, weka treni kwenye 210, fanya namba ya kituo kuwa 1, andika jina la kituo hicho juu ya treni. Amri za pili: kitufe kirefu cha chini kikibonyezwa, sogeza treni 60 kwenda kushoto, ongeza 1 kwenye namba ya kituo, andika jina lenye namba hiyo.

Dada aliongeza pia mlio wa honi. Honi ilipolia, mdogo wake aliziba masikio akakimbilia nje. Kompyuta ilikuwa imetii kila amri. Aliyekosea ni mtunzi, aliyetunga kwa masikio yake mwenyewe. Honi ikaondolewa.

Jioni mtoto alirudi, akabonyeza kituo baada ya kituo hadi Kigoma. Akabonyeza tena. Treni ikasogea kushoto bila jina lolote juu yake, naye akaanza kulia. Alikuwa na haki. Mbele ya Kigoma hakuna kituo, kuna ziwa! Wengine wote nyumbani hawakuliona kosa hilo, kwa sababu walipofika Kigoma waliacha kubonyeza.

Dada alizizungushia amri za pili sharti moja: kama namba ya kituo ni ndogo kuliko 8, ndipo zitekelezwe. Mtoto alibonyeza mara nyingi sana pale Kigoma, na treni haikuondoka. Kisha akabonyeza bendera ya kijani, akaanza safari upya kutoka Dar es Salaam. Alipofika Tabora aliinua mkono kutoka kwenye kitufe, akamtazama dada yake, akasema, "Tabora." Halafu akaendelea na safari.

Mazoezi

1. Treni ikirudi kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam, ni amri zipi zitabadilika? Sharti litakuwaje?

2. Ukitaka vituo 11 badala ya 8, bila kubadili mahali pa Dar es Salaam na Kigoma, kila hatua itakuwa ya kiasi gani?

3. Mchunguze kwa siku tatu mtoto mdogo wa nyumbani kwenu. Andika anachokipenda na kinachomsumbua, kisha utunge amri sita za programu ambayo yeye angeifurahia.