Pasi Moja, Mishahara Miwili

Kanzu ya Kiomani haipigwi pasi ovyo. Unaanza na kola, mikono inafuata, mgongo mwisho, na kile kishada cha shingoni, wanachokitia manukato, ukikiunguza utakisikia kilio chake wiki nzima. Nilizinyoosha kanzu hizo miaka miwili Muscat, pamoja na dada mmoja Mfilipino. Tulideki pamoja, pasi tukapokezana. Mwisho wa mwezi yeye alihesabiwa riali 160, mimi 80.

Nilipotoka hapa kijijini kwetu Sapiwi pamba ilikuwa imeanguka bei, na wakala aliapa kwamba Uarabuni mshahara ni mmoja. Basi nikamuuliza madamu, mwajiri wetu, mbona mimi nalipwa nusu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alijibu kama muuza duka aliyeulizwa bei ya sukari. Bibi mzee wa nyumba ile, mzaliwa wa Unguja aliyekimbia Mapinduzi ya 1964, akanitafsiria kwa Kiswahili kitamu kuliko changu mimi Msukuma: "Mwanangu, hiyo ndiyo bei ya Tanzania."

Bei hiyo madamu hakuitunga. Mwaka 2006 serikali ya Ufilipino iliamua kwamba mfanyakazi wake wa ndani haendi nje kwa chini ya dola 400 kwa mwezi. Asiye na serikali ya kumkazia hivyo hupangiwa na ofisi za mawakala. Human Rights Watch waliwahoji wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, na katika ripoti yao ya 2017 wakaeleza kuwa mshahara ulifuata utaifa, si ujuzi.

Kuhama nyumba? Kwa utaratibu wa kafala, aliyekuleta, yaani kafili, ndiye mwenye kauli. Pasi yangu ya kusafiria ilifungiwa kabatini kwake. Ningetoka bila ridhaa yake ningeitwa mtoro. Siwezi kusema walikuwa watu wabaya. Nilipougua walinipeleka hospitali. Lakini wema wao haukuigusa ile 80.

Tena inawezekana kufanya vinginevyo. Tangu Machi 2021 Qatar ina kima cha chini cha riali 1,000 za kwao kwa mwezi, uwe Mfilipino, Mkenya au Msukuma, na watumishi wa majumbani wamo.

Binti yenu akiletewa mkataba, usomeni naye mstari kwa mstari kabla hajatia saini. Kisha mwulizeni wakala: Mfilipino wa nyumba hiyo hiyo analipwa ngapi?