Mchochota na Kovu la Utumbo

Wanafunzi wetu wa tafsiri huuliza kwa nini tusiseme tu "uvimbe" badala ya "mchochota". Sababu ni kwamba hata saratani huitwa uvimbe, na mgonjwa aweza kutishika bure. Mchochota ni mwili kujihami: mahali huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Ukiisha upesi, kwa kawaida hauachi alama.

Taabu ni ule usioisha. Hapa Uganda, ambako kifua kikuu kingalipo, vijidudu vyake huweza kushambulia utumbo, hasa pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana. Ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na madaktari wa New York mwaka 1932, nao hupenda papo hapo. Ukuta wa utumbo huumia na kujitengeneza, tena na tena, kwa miezi au miaka. Kila mara seli hufuma nyuzi ngumu za kolajeni, mpaka ukuta unanenepa na njia inakuwa nyembamba. Hilo ndilo kovu (Waganda husema enkovu). Kwenye ngozi kovu ni dalili ya kupona; ndani ya utumbo laweza kuziba njia. Tumbo husokota baada ya kula, mtu hutapika na kukonda.

Basi mfasiri asiandike kwamba dawa "huondoa kovu". Dawa hutuliza mchochota, na zile za kifua kikuu humezwa kwa miezi 6 hivi. Kovu lililokomaa mara nyingi huhitaji kupanuliwa kwa puto dogo, au upasuaji. Na anayetapika huku choo na hewa havitoki apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.